Mtwara na Lindi tunahesabu miche iliyopandwa, iliyopona anahesabu nani?

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mimi ni mkulima wa korosho, niko kijijini wilaya ya Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Leo nimerudi nyumbani kuna jambo limenikaa kifuani nikaona nilete humu maana najua wapo watu wa Masasi, Nachingwea, Liwale, Kilwa, na wengine wako Dar lakini kwao ni huku kusini. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie.

Nilikuwa natoka shambani nikapita shule ya kijiji cha jirani. Mwezi wa kwanza mvua ilipokolea palifanyika siku ya kupanda miti pale, na mimi nilikuwepo, nilichimba mashimo kwa mikono yangu. Watu walijaa, maturubai, spika, viongozi wakapanda kila mmoja mti wake na picha zikapigwa, watoto wakaimba. Miche 200, namba naikumbuka kwa sababu ilisomwa kwenye risala mara mbili. Saivi ni mwezi wa tisa, jua limeshakausha kila kitu, nikasema ngoja nihesabu. Nimezunguka lile eneo mstari kwa mstari, iliyo hai ni 17. Mingine imebaki vijiti, mingine hata kijiti hamna, mbuzi wamemaliza. Nikainama nikang'oa mmoja uliokauka nione mizizi imekuwaje, aisee ukatoka na kiriba chake! Yani ile plastiki nyeusi ya kitaluni haikuchanwa, mche umefukiwa nayo hivyohivyo, mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba mpaka ikafa. Nikang'oa wa pili, nao vilevile. Nilikaa chini ya mwembe pale nikajisikia vibaya kwa kweli, maana siku ile nilikuwepo na sikuangalia watu wanafukia vipi.

Sasa kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni lengo zuri sana, sina ugomvi nalo hata kidogo. Ila taarifa iliyotoka pale kwenda kata na kwenda wilayani inasema miche 200 imepandwa, basi, hiyo 200 imeshaingia kwenye hesabu na sijaona mtu aliyerudi mwezi wa tisa kuuliza mingapi imepona. Kiangazi chetu huku ni kirefu, mvua zikikata mwezi wa nne au wa tano unasubiri mpaka mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, huo mche mdogo miezi sita au saba unaishi kwa nini kama hakuna wa kuumwagilia, tena huku kwetu ambako binadamu mwenyewe maji anayatafuta?

Hapo chini ya mwembe ndo nikaona kwamba hili halipo kwenye miti peke yake. Karibu kila tunachofanya huku kwa jina la mazingira na tabianchi kinahesabiwa siku ya uzinduzi, halafu mwaka mmoja baadaye hakihesabiwi tena, na sisi wananchi tumezoea, tunapiga makofi tunarudi nyumbani. Mimi nataka tuanze kudai hesabu ya pili.

Chukua jiko. Mama yangu mzazi alipata mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Siku aliyoupokea alifurahi mno, gesi ya kwanza ile alipikia chai, uji, hata mboga za mchana, na akasema macho yamepumzika. Ilipoisha ndo ikawa mwisho. Mtungi uko pembeni ya kabati umefunikwa kitambaa cha kufuma, msafi kabisa, na mama amerudi kwenye mafiga. Nimemuuliza mama mbona hujazi, akanijibu, "Mwanangu kuni naokota bure, mkaa nanunua wa mia tano, gesi wanataka hela yote kwa mara moja, mwezi wa sita mimi hela hiyo naitoa wapi?" Na ndo ukweli wenyewe. Hela ya korosho inaingia msimu wa mnada, kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwisho wa mwaka huko, ikifika mwezi wa nne nyumba nyingi hazina kitu. Mtungi haukugawika vibaya, umegawika vizuri tu, ila haukupangiwa mwezi wa sita.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwezi wa tano 2024, unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Sisitizeni hilo neno WANATUMIA wakuu. Mama yangu mtungi anao ila hatumii. Ukienda kuhesabu mitungi iliyogawiwa, mama yumo kwenye mafanikio. Ukienda jikoni kwake saa kumi na mbili asubuhi moshi unakukuta mlangoni.

Naweka la maji hapahapa kisha nawapisha mchangie. Wa huku juu mnajua uwanda wetu ni mchanga mtupu, mvua inanyesha ya kutosha lakini maji yanazama chini moja kwa moja na kwenda kutokea bondeni kwenye chemchemi, kwahiyo mama zetu miaka yote wameshuka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani. Ndo maana watu wa Newala na Tandahimba tuna visima vya kuvunia maji ya bati, umechimba chini, umejengea kwa saruji, mfereji unatoka kwenye bati unaingia kisimani. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja. Bati lako likiwa mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 ya siku moja ni lita 1,000. Kwangu kisima kikijaa mwezi wa tatu, tukitumia kwa adabu kinatufikisha mpaka mwezi wa nane. Sasa kuna shule moja (siitaji) ilijengewa tanki kubwa, zuri, limeandikwa mradi na mwaka. Mfereji wa bati umeng'oka upande mmoja, vibao vimeoza, mvua yote ya masika iliyopita ilimwagika chini, imechimba korongo pembeni ya darasa. Gharama ya kurudisha ule mfereji ni mbao mbili tatu, misumari na siku moja ya fundi. Tanki lipo kwenye taarifa. Maji hayapo kwenye tanki.

Karibuni.

*

Mdau wa Mtwara mjini ameandika:

Mkuu umeongea. Ila mimi linaloniuma zaidi ni hii gesi. Inatoka hapo Mnazi Bay tunaiona kwa macho, bomba limepita, sisi tunanunua mtungi kwa bei hii hii. Kwanini wasijaze mitungi hapahapa Mtwara ikashuka bei mama zetu wakapumzika?

Jibu:

Mkuu hili swali watu wengi wanalo na ni haki kuuliza, 2013 watu waliingia barabarani Mtwara kwa sababu ya gesi hii hii. Lakini ngoja tuwekane sawa. Gesi iliyoko Mnazi Bay na Songosongo karibu yote ni methani. Hiyo haigandamizwi kuwa maji kirahisi ukaiweka kwenye mtungi wa kilo 6, inataka bomba mpaka jikoni, au mitungi mizito sana ya presha kubwa kama ile inayofungwa kwenye magari yanayotumia gesi. Ile ya kwenye mtungi wa mama ni propani na butani, inatoka nje ya nchi kwa meli. Ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa vyote tunaita gesi. Kwahiyo mtungi wa Mtwara unasafirishwa kutoka bandarini kuja huku, na gesi yetu inasafirishwa kwa bomba kutoka Madimba, kwenye kiwanda cha kusafisha gesi hapa Mtwara, kwenda Dar, zinapishana njiani.

Ninachokubaliana na wewe ni kwamba bomba la majumbani ndo haki yetu. Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, bomba kubwa lilikamilika 2015, na hadi leo nyumba za mijini huku kusini zilizounganishwa ni chache. Mtu wa bomba hana shida ya kujaza, anafungua koki na analipa alichotumia. Kwa mjini Mtwara na Lindi hilo linawezekana na tunapaswa kulidai kwa sauti. Kwa sisi wa vijijini kuna njia nyingine. Dar kuna mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu kama unavyonunua umeme, mwenye buku anapikia ya buku. Hiyo ndo inamfaa mama, kwa sababu inafanana na mkaa wa mia tano.

Alafu nina wazo naomba wataalamu wa ushirika mlichambue. Hela zetu za korosho zinapita AMCOS, yani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kabla ya kuingia benki. Mkulima ANAYETAKA mwenyewe, kwa hiari yake, aandikishe kwamba kwenye malipo ya mnada ziwekwe pembeni hela za kujaza mitungi minne ya mwaka, apewe kadi yake, mwezi wa sita anaenda kuchukua. Najua neno makato linauma sana huku kusini, watu wameumia, kwahiyo narudia kwa hiari na kwa risiti, na asiyetaka asiguswe.

*

Mdau wa Liwale ameandika:

Ndugu yangu wanaosema mkaa ndo unamaliza misitu wanatuonea wapishi. Njoo Liwale uone, msitu hauishi kwa mkaa, unaisha kwa UFUTA. Mtu anafyeka eka kumi msitu mbichi, anachoma, analima miaka miwili mitatu, magugu yakizidi anahamia mbele. Hiyo miche 200 inafidia nini apo?

Jibu:

Mkuu umesema kitu kikubwa na sitakibishia. Nimepita Nachingwea mpaka Liwale mwezi wa kumi, moshi wa mashamba mapya unauona kutoka barabarani, na magogo ya miti iliyochukua miaka mia kukua yanaungua hapohapo hayajawa hata ubao. Ni hasara mara mbili, mti umekufa na hela ya mti haipo.

Ila hapohapo Lindi kuna mfano ambao nadhani hatuusemi vya kutosha. Kilwa kuna vijiji vimetenga msitu wao kisheria, msitu wa hifadhi ya ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002, wakisaidiwa na shirika la MCDI linalosaidia vijiji kutunza misitu, lenye ofisi pale Kilwa Masoko. Wameanza na mpingo. Mwaka 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu. Uzuri wake ni kwamba msitu ukiwa wa kijiji kihalali na ukavunwa kwa mpango, mapato yanabaki kijijini. Hapo mtu akija kufyeka kwa ajili ya ufuta anakutana na kijiji kizima kina sababu ya kumzuia, kwa sababu ule msitu umewajengea darasa au zahanati. Na kabla ya kuvuna wanaingia msituni kuhesabu, mti gani upo, unene gani, upi ukatwe na upi ubaki. Yani hesabu ya pili ninayoisema mimi wenzetu wanaifanya kwenye msitu wa asili. Sisi tunashindwa kwenye miche 200 ya uwanja wa shule?

Na kwa wapishi umenisaidia. Huku Newala na Tandahimba kuni nyingi ni matawi ya mikorosho. Mkorosho unapogolewa kila mwaka ili hewa ipite na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, upungue, matawi yale yakikauka ndo kuni za mwaka. Hakuna msitu uliofyekwa. Kwa nyumba ya namna hiyo jiko banifu la udongo, limejengwa vizuri na lina bomba la kutolea moshi nje, ni msaada mkubwa zaidi kuliko mtungi uliokauka. Sisemi moshi wa kuni ni mzuri, hapana, mapafu ya mama zetu yanateketea. Nasema tusidharau kile ambacho mama ataendelea kukitumia mwaka mzima.

*

Mdau aliyeko Dar ameandika:

Mbona mnajibebesha mzigo usio wenu? Joto la dunia wameleta wenye viwanda. Mtwara ina nini cha kuchafua hewa? Wao walipe sisi tuendelee na maisha.

Jibu:

Mkuu walipe, tena hapo niko na wewe. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kusaidia nchi maskini kwenye tabianchi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 na mwaka huo ulipofika hazikutimia. Mfuko wa hasara na madhara, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa 2022 kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Misri, na 2024 kwenye mkutano wa Baku wakaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Na Tanzania nayo imeweka ahadi yake, 2021 tuliandika kwamba ifikapo 2030 tutapunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 kulinganisha na hali ambayo ingekuwepo tusipofanya kitu. Hizo ni hesabu za wakubwa na lazima tuzifuatilie.

Lakini mkuu mkorosho hausubiri Baku. Unatoa maua kuanzia mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka na baridi ya asubuhi ubwiriunga unashambulia maua, na mvua isiyo ya msimu ikipiga wakati umeanika korosho zinaloa, zinaota ukungu, daraja linashuka, kwenye mnada unaambulia bei ya chini. Mimi nimeanika korosho nikakimbizana na wingu saa tisa alasiri, mimi na mke wangu na watoto, tunakusanya kwa mikono na maturubai hayatoshi, zilizobaki nje ndo zile zilizokuja kukataliwa. Hiyo ndo maana ya tabianchi kwangu. Nani alileta joto ni swali la haki, ila turubai la kufunikia, ghala lisilovuja, utabiri wa mvua unaofika kijijini mapema kwa lugha inayoeleweka, hayo ni ya serikali yetu na ya kwetu wenyewe.

Na hela hizo za nje zikifika siku moja, zitapita kwenye utaratibu huu huu wa kuhesabu uzinduzi. Kwahiyo turekebishe hesabu kabla hela haijafika.

*

Dada wa Kilwa ameandika:

Kaka naomba na barabara uiweke. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya tulikatika Somanga, magari yamejaa huku na huku, wajawazito, wagonjwa, mizigo inaoza. Sisi tuliogopa sana.

Jibu:

Dada yangu pole sana, siku zile sizisahau. Mimi dada yangu wa damu ameolewa huko Kilwa na simu zilikuwa zinakatika katika, nikawa napiga kila saa. Huku kwetu bidhaa za dukani zilipanda kwa sababu malori hayapiti, wengine wakazunguka kupitia Songea, Tunduru na Masasi, safari ya siku nzima ikawa ya siku nyingi.

Hapo naomba niseme na lililofanyika vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kabla Hidaya haijafika pwani, kama walivyotangaza kwa kimbunga Kenneth mwezi wa nne 2019 kikaenda kupiga Msumbiji. Wavuvi wengi walipandisha vyombo. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha 1952, kile kiliwakuta wamelala. Sasa onyo linafika kwenye simu, hiyo ni kazi ya serikali na imeokoa watu, nashukuru kwa moyo.

Ila kalavati halisikii onyo. Kilwa hiyohiyo mafuriko ya mwezi wa kwanza 2020 yalibeba watu na vijiji, mito ile tunaijua ni ipi. Kwahiyo kabla ya mwezi wa kumi na moja kila mwaka kuwe na watu wanaopita barabara ile wanaangalia kalavati moja moja, iliyojaa mchanga izibuliwe, iliyoanza kuliwa pembeni ijengewe, na orodha ibandikwe ofisi ya kijiji kila anayepita aisome. Vijana wa vijiji vya kandokando wanaweza kulipwa kwa kazi hiyo. Kuzibua kalavati kabla ya mvua na kujenga upya barabara baada ya mvua, kipi ni rahisi dada yangu?

*

Nimesahau moja nalo lipo moyoni. Salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, na viuatilifu vingine. Tunagawiwa pembejeo na tunashukuru, kila mfuko na kila chupa vinaandikwa jina la mkulima na saini. Baada ya kupulizia mifuko mitupu na chupa vinaenda wapi? Nendeni shambani muone, vipo chini ya mikorosho, vingine vinachomwa, na nimeshakuta kwa macho yangu chupa ya sumu imeoshwa inatumika kuwekea mafuta ya taa, kwingine watoto wanachezea. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 mwezi wa sita 2019 na ikaondoka kweli sokoni, kwahiyo tukiamua tunaweza. Chama cha msingi kilichoandika chupa iliyotoka kiandike na chupa iliyorudi. Ukirudisha tupu zako za mwaka huu unakuwa wa kwanza kwenye foleni ya mwakani. Haihitaji wafadhili hiyo.

Na kwa waliouliza nifanye nini mimi nisiye na cheo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuingia na kusema. Kuna kamati ya mazingira ya kijiji pia, ipo kisheria tangu Sheria ya Mazingira ya 2004, kama kwenu haijulikani ni akina nani anzia hapo. Mimi nimeandika swali langu kwenye karatasi ili nisije nikapoteza maneno mbele za watu: "Miche iliyopandwa mwezi wa kwanza, leo iliyo hai ni mingapi, na inayokufa inamwagiliwa na nani?" Nitaomba liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jibu lake, kwa sababu muhtasari unabaki, mkutano ujao tunaanzia hapohapo. Mjomba wangu ambaye ni mzee wa pale ameniambia uliza kwa heshima na usitaje mtu, nami nitafanya hivyo.

*

MREJESHO

Wakuu samahani kwa kimya. Nilienda pale shule kuongea na mwalimu anayesimamia mazingira, akanipokea vizuri sana, kumbe na yeye ilikuwa inamkera ila hakuwa na mtu wa kushirikiana naye. Tumefanya hivi, kila mche ulio hai umepewa watoto wawili na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imetobolewa kizibo tundu dogo la sindano, inachomekwa kichwa chini pembeni ya shina, maji yanadondoka taratibu kwenye mizizi. Watoto wanaleta maji nyumbani, chupa moja kwa siku mbili. Kuzunguka kila mche tumeweka matawi ya miba. Jina la watoto wawili limeandikwa kwenye daftari la mwalimu pamoja na mche wao, na kila Ijumaa wanahesabu.

Ule mfereji wa tanki kwenye ile shule nyingine bado, fundi amepatikana, mbao ndo tunachanga.

Swali langu kwenye mkutano wa kijiji liliandikwa. Mwenyekiti alisema jibu litaletwa mkutano ujao, na mtendaji akaandika na tarehe.

Leo Ijumaa nimepita shule. 16. Mmoja mbuzi aliruka miba usiku akala mpaka chini, wale watoto wawili wenye mche wao walikuwa wamesimama pale wanaangalia shina. Kisiki kina ubichi kidogo, mwalimu amesema wasiache kumwagilia.